Lenzi ya Kuvuta Mbali: Ipi Inaufaa Usharika?
Kamati kadhaa za sharika zimetuuliza kama fedha za taarifa za miradi zinunue lenzi ya kuvuta mbali ya kitaalamu au ile ya kawaida. Swali hili ni la msingi, kwani fedha hizo hutoka kwa wafadhili na katika sadaka za washarika.

Tofauti kubwa ipo kwenye mwanga. Lenzi ya kitaalamu ya milimita 70 hadi 200 hubaki na tundu la f/2.8 hata ikivutwa hadi mwisho. Ya kawaida, kwa mfano Canon ya milimita 55 hadi 250, ikivutwa hushuka hadi f/5.6, yaani hupitisha robo tu ya mwanga ule. Mchana, kisimani au shambani, hamtaona tofauti kubwa. Lakini ndani ya kanisa siku ya kipaimara, pale f/2.8 inapowezesha kasi ya 1/125 ya sekunde, f/5.6 hudai 1/30, na mtoto akigeuza kichwa picha imeharibika. Kizuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hutuliza mkono wa mpiga picha, hakimtulizi mtoto!

Ya kitaalamu pia ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida.

Ushauri wetu: nunueni ya kawaida. Kwa picha za kanisani ongezeni lenzi fupi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni nafuu, na mzee wa kanisa amruhusu mpiga picha kusogea karibu na madhabahu. Namba ya kila lenzi iandikwe kwenye daftari la mali za usharika.