Kuacha kutifua shamba: je, kunapunguza gesi joto?

Mvua zinapokaribia, wakulima wengi wa mahindi Kenya na Tanzania hupitisha plau shambani ili kulainisha udongo na kuua magugu. Wanaohimiza kilimo hifadhi huwashauri waache, na moja ya sababu wanazotoa ni kwamba udongo uliotifuliwa hutoa hewa ukaa. Tunaeleza kilicho kweli na mipaka yake.

Plau inafanya nini?

Mboji hutokana na majani na mizizi iliyooza, na imebeba kaboni. Sehemu yake hujificha ndani ya madonge ya udongo. Plau ikiyavunja, oksijeni huingia, vijidudu huila mboji kwa kasi, na kaboni hupanda angani kama hewa ukaa. Penye trekta kuna pia mafuta: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa hiyo.

Mbona faida si kubwa kila mahali?

Plau huzika mabua chini. Usipolima, yanaozea juu, hivyo kaboni huongezeka kwenye tabaka la juu. Lakini vipimo vinavyoshuka zaidi ya sentimita 30 mara nyingi huonyesha tofauti ndogo, kwa kuwa shamba lililolimwa nalo lina kaboni yake chini.

Kuna pia gesi ya naitrasi oksaidi, inayotokana na mbolea ya naitrojeni na samadi. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja yake huipasha dunia joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa. Udongo mzito usiotifuliwa ukituamisha maji, gesi hiyo inaweza kuongezeka. Kuweka mbolea kwa awamu, mmea unapoihitaji, husaidia kuipunguza.

Mkulima afanye nini?

Mabua yakibaki shambani hukinga udongo dhidi ya mmomonyoko na kutunza unyevu. Kwa anayetegemea mvua, hiyo ndiyo faida ya kwanza. Ugumu ni kwamba ng'ombe nao wanayahitaji wakati wa kiangazi, na magugu yasiyolimwa hudai palizi au dawa.

Ukiahidiwa malipo ya kaboni, uliza kwanza: itapimwa kwa kina gani? Na nikilazimika kulima tena baada ya miaka mitano, mkataba unasemaje?