Choma Betri Mara Kumi

Chuo yetu ilikuwa na bureti moja kwa wasee wanane. Wa kwanza anashika stendi, wa pili anafungua koki, wa tatu anacheki rangi, na mimi, juu mwandiko yangu ilikuwa fiti, wera yangu ilikuwa kuandika namba. Miaka nne naandika namba za wasee wengine. Mara ya kwanza kushika pipeti na mikono zangu ilikuwa KCSE yenyewe, Kemia Pepa 3. Manze, vidole zilitetemeka. Nikapitisha alkali, maji ikageuka pinki nzito, na fenofthalini ikishawaka hivyo hakuna kurudisha. Unamwaga, unaanza upya, na saa haikungoji.

Sitaki brathe yangu apitie hiyo. Yuko Fomu Foo sai, na kila Jumamosi mbogi yake hukanja keja yetu hapa Umoja, wasee watano na fone mbili, tunabukua sayansi mpaka mathee aite watu wamange.

Kitu tunafungua sana inaitwa PhET. Ilianzishwa 2002 na Carl Wieman, msee wa fizikia pale Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mwaka moja baada ya yeye kushinda Nobel. Ni simulesheni, yaani maabara ndani ya skrini. Hulipi kitu, na mob zake ziko na Kiswahili.

Siku ya kwanza tulianza na ile ya umeme. Unavuta betri, waya, balbu, unaunganisha vile unataka. Brathe akatoa waya tupu kutoka chanya akairudisha hasi, na betri ikawaka moto. Akaniangalia haraka, akidhani nitamzomea. Nikamshow achome tena. Akachoma. Mara ya tatu akaweka ammita, akaona vile mkondo umepanda vibaya, akaweka balbu hapo kati, ikashuka. Akaniuliza mwenyewe, "Kwani balbu ndio ilikuwa inaizuia?" Ukinzani iliingia kichwa hapo, bila mtu kumsomea maana kutoka kitabu. Maabara ya ukweli ukiunguza ammita unaambiwa ulete mzazi, so watu husare kujaribu. Na msee akishaogopa kujaribu, sayansi imebaki kukariri.

Kuna ingine ya pH. Ndani iko na maziwa, kahawa, mate, asidi ya betri, hadi matapishi. Mbogi ilicheka, lakini walikaa hapo lisaa limoja. Unaongeza maji kwa kahawa, pH inapanda, inapanda, ikikaribia 7 inakwama. Walimwaga maji mpaka wakachoka, haikupita. Kuna dem mmoja wa mbogi, chopi wa Kemia, ndiye alinyaka: maji yenyewe ni 7, itasukumaje kitu ipite hapo? Na ya pendulamu iko na sayari haijatajwa jina, inabidi upime muda wa kubembea ndio utafute mvutano wake. Hiyo ni hesabu ileile ya Fizikia Pepa 3, ila sasa watu wanaipigania.

Najua swali ni bando. Rada ni hii: simulesheni moja ukiidownload mara moja, inafunguka kwa brauza bila data, na unaitumia beshte kwa Bluetooth. Maodijo wenye chuo iko na kompyuta hata moja wacheki programu inaitwa Kolibri. Unapakia masomo ya Khan Academy na PhET mahali kuna mtandao, halafu hiyo kompyuta inagawia zingine kwa Wi-Fi, intaneti haihitajiki tena. KICD nao wako na Kenya Education Cloud, yenye inafuata silabasi yetu.

Kitu inaniuma ni Telegram. Kila msimu wa mtihani kuna majamaa wanauzia watoto "konfi" na mapepa fake, na KNEC huonya kila saa. Nimeona kijana akichanga thao mbili, doo ya mathee ya kuuza mboga, kwa karatasi ilikuwa ya uongo yote. Hiyo ganji ingemnunulia bando ya miezi. Mapepa ya miaka iliyopita na majibu zake ziko wazi mtandaoni, na hizo hakuna mtu anakushika nazo.

Lakini fone haikufundishi uzito wa koki kwa vidole. Hiyo nakubali kabisa. So Jumamosi iliyopita tulinunua sirinji ya mililita 10 kwa duka la dawa, tukachemsha kabeji ya zambarau, tukaweka hayo maji kwa magadi ya githeri, ikawa kijani. Kila mtu na zamu yake ya siki, tone kwa tone, mpaka igeuke pinki. Brathe alipitisha mara mbili. Dem wa Kemia alishikilia pumzi, akasukuma polepole, povu ikatulia, akasukuma tena. Mara ya kwanza mililita 8. Mara ya pili 7. Mara ya tatu 7. Nikanyoosha mkono nichukue kalamu kama zamani, akaivuta kando, akaandika namba zake mwenyewe.