Zombi, Utani na Hofu ya Maradhi

Katika filamu ya Kiingereza iitwayo 28 Days Later, iliyotolewa mwaka 2002, mgonjwa anaamka hospitalini na kukuta jiji la London halina watu. Anavuka daraja la Westminster peke yake. Ili kuipata picha hiyo, wapigapicha walifanya kazi alfajiri, magari yakizuiwa kwa muda mfupi tu. Tarehe 23 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliamuru watu wabaki majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, na barabara hizo zikawa tupu hata mchana. Wafanyakazi wa ofisi, ambao sasa walikutana kwa njia ya kompyuta, walitaniana: huyu hajanyoa, yule amekesha, wote wamekuwa mazombi.

Je, utani wa namna hiyo una manufaa yoyote?

Asili ya zombi ni imani za Haiti, ambako alikuwa maiti aliyefufuliwa kwa uchawi ili atumikishwe. Watanzania wanamjua ndugu yake, msukule. Mwaka 1968 George Romero wa Marekani alimgeuza katika filamu yake Night of the Living Dead: maiti hana tena bwana, bali hula walio hai. Katika filamu nyingi zilizofuata, aliyeumwa na zombi huwa zombi pia. Ndivyo zombi alivyokuwa mfano wa maradhi ya kuambukiza, hata mwaka 2009 wanahisabati wa Kanada wakatunga milinganyo ya uenezi wake, kwa mbinu zitumiwazo kuchunguza magonjwa ya kweli.

Mwezi Mei 2011 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa mawaidha ya kujihami dhidi ya mazombi. Zombi alikuwa mzaha, lakini orodha ilikuwa ya kweli: maji, chakula, dawa, redio, na mahali ambapo jamaa watakutana. Wasomaji walikuwa wengi mno hata mitambo ya intaneti ikazidiwa.

Mwezi Aprili 2020 Coltan Scrivner wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake waliwahoji watu 310. Wapenzi wa filamu za kutisha walionyesha mfadhaiko mdogo kuliko wengine. Wapenzi wa filamu za mazombi na za maangamizi walikuwa, zaidi ya hayo, wamejiandaa vizuri zaidi. Watafiti walieleza kwamba filamu huenda ni mazoezi: moyo hudunda, jasho hutoka, lakini mtazamaji yu salama, naye hujifunza kuituliza hofu yake. Utani nao hufanana na mazoezi hayo, kwani anayeitania hofu huitaja bila kuisujudia.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: je, filamu ndizo zilizowaimarisha watu hao, au watu imara ndio wazipendao? Watafiti walizingatia tofauti za tabia za waliohojiwa. Lakini mambo mawili kuonekana pamoja si ithibati kwamba moja limezaa jingine. Ili kukijua chanzo, yafaa watu wagawanywe kwa kura katika makundi mawili, kundi moja lioneshwe filamu hizo na jingine lisioneshwe, kisha yalinganishwe.

Kicheko hakiui virusi. Uenezi wa UVIKO-19 ulipunguzwa kwa barakoa, hewa safi na kuepuka misongamano, na chanjo zikaokoa maisha ya wengi. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu huweza kushindwa kuyafuata hata mashauri mepesi, na hapo ndipo mzaha wa kazini unapoweza kuwa na thamani yake.