Likizo ya Juni na Mikono ya Vijana Wetu

Shule za sekondari zinapofungwa mwezi wa Juni, huku kwetu nyanda za juu za Kigoma mvua zimekwisha na kiangazi kimeshaingia. Maharage yameanikwa uani, mahindi yanangoja kupukuchuliwa, asubuhi ni baridi ya kuvalia sweta na mchana ni vumbi jekundu. Mama wa Kasulu au Kibondo anapomwona mwanawe wa kidato cha tatu akishuka garini na sanduku lake la bweni, wazo la kwanza ni kwamba mikono ya kazi imeongezeka nyumbani. Kabla ya wiki kwisha mtoto anakuja na neno lake: "Mama, kikundi chetu cha shule kina kazi ya kujitolea wiki ijayo. Naomba ruhusa."

Hapo ndipo maswali huanza. Kazi gani hiyo? Na nani? Wavulana na wasichana pamoja? Mtarudi saa ngapi? Na nani atakayechota maji? Maswali haya ni ya haki kabisa, na mama asiyeyauliza ndiye ningemshangaa. Nimeona niyaandikie, maana wapo akina mama wanaokataa moja kwa moja, na wapo wanaoruhusu bila kuuliza lolote. Wote wawili wanampunja mtoto.

Vikundi vyenyewe ni vya aina nyingi. Wapo Skauti, na wapo Girl Guides. Hawa Girl Guides wana historia ya kufurahisha. Mwaka 1909, Baden-Powell alipokusanya wavulana wake Skauti kule London, wasichana walijitokeza wenyewe bila kualikwa wakasema na wao wamo, na mwaka uliofuata wakaanzishiwa chama chao. Mzee huyo baadaye alihamia jirani zetu Kenya, akafia Nyeri mwaka 1941. Zipo pia klabu za Interact, zinazolelewa na Rotary tangu mwaka 1962. Katika shule zetu nyingi utakuta UKWATA kwa Waprotestanti na TYCS kwa Wakatoliki, ambazo licha ya maombi na mafundisho hutembelea wagonjwa na wazee. Tena kuna vijana wa Msalaba Mwekundu, na hao ndio ninaopenda kuwazungumzia zaidi, kwa sababu kazi yao inakutana na yangu ya uuguzi.

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, lakini mzizi wake uko mbali. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi yalipigana huko Solferino, Italia, na maelfu ya majeruhi wakaachwa bila msaada. Mfanyabiashara mmoja wa Uswisi, Henry Dunant, alipita akaona. Wengi wanamkumbuka Dunant, wachache wanawakumbuka wanawake wa mji wa jirani, Castiglione, waliofungua kanisa lao wakawaosha vidonda askari wa pande zote bila kuuliza huyu ni wa kwetu au wa adui. Dunant aliandika kitabu mwaka 1862, mwaka 1863 kamati ikaundwa, na ndiyo iliyozaa Msalaba Mwekundu. Kwa hiyo mama akiambiwa kwamba kazi hii ni ya wazungu wa maofisini, ajue kwamba ilianzia kwa akina mama wenye ndoo za maji na vitambaa.

Huku Buha hatuhitaji kusoma vitabu ili kujua mgeni aliyejeruhiwa ni nani. Watu wa Burundi walituvukia mwaka 1972, wakaja tena mwaka 1993. Vita vya Kongo vilipozuka mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Upande wa Kibondo watu wazima wanakumbuka Mtendeli, Kanembwa, Karago na Nduta. Kambi zikafungwa moja moja, Mtabila ya Kasulu ikafungwa mwaka 2012, na watu wakadhani yamekwisha. Kumbe mwaka 2015 yakaanza upya.

Mwezi wa Mei mwaka huo makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Hapakuwa na vyoo vya kutosha wala maji safi, na kipindupindu kikaingia, kikaua. Meli ya Liemba ikawa inawabeba hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka Nyarugusu, ambayo mwaka huo huo ilipita watu 150,000. Oktoba Nduta ikafunguliwa tena. Watu waliopita nyumba kwa nyumba kambini wakifundisha kunawa mikono na kuchemsha maji, wengi walikuwa vijana wa kujitolea, na wengi kati ya hao walikuwa wakimbizi wenyewe. Mwanafunzi wa Kasulu haendi kambini hivi hivi, maana panahitaji kibali na mahali pake si pa matembezi. Lakini kijijini kwake kuna visima vya wazi, kuna vyoo visivyofunikwa, na kuna bibi anayeishi peke yake asiye na wa kumchotea maji.

Nije sasa kwenye mambo ambayo kijana huyu anajifunza, maana hapa ndipo mama anapopata faida nyumbani kwake.

Jambo la kwanza ni maji ya chumvi na sukari. Mtoto mdogo akiharisha na pakiti ya dawa haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari, ndiyo maana kijana wa klabu hufundishwa kupima wala hakisii. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati.

Halafu kuungua. Jikoni kwetu ni mafiga matatu na sufuria ya maharage inayochemka kutwa, na watoto wanatambaa hapo hapo. Bado ninapokea watoto waliopakwa dawa ya meno, majivu, asali au mafuta ya taa. Kijana aliyefundishwa humwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, akaifunika kwa kitambaa safi, basi. Dakika 20 ni ndefu, mtoto analia, bibi anapiga kelele kwamba mnamwua kwa baridi, na kijana wa miaka 15 anatakiwa asimame imara. Hilo nalo ni funzo.

Kifafa ndicho ninachokililia zaidi. Mgonjwa anaanguka, watu wanakimbia wakiogopa mate yake, au wanamlazimisha kijiko kati ya meno. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Ondoa mawe na moto karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, degedege likiisha mlaze ubavu. Likipita dakika 5 bila kukoma, aende hospitali upesi. Msichana mmoja wa kidato cha pili alifanya hivyo sokoni mbele ya watu wazima waliokuwa wamesimama mbali, wengine wakimkemea asiguse. Aliyeanguka alikuwa mama wa watoto wanne. Alipoamka alikuta kanga ya mtoto wa watu imemfunika magoti, na hakuna aliyekuwa amemwona vibaya.

Ukaniuliza ni kazi gani ya likizo iliyo na uzito kuliko zote, nitakujibu damu. Wauguzi tunajua jambo ambalo wazazi wengi hawajalifikiria. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004 na wenye kituo cha Kanda ya Magharibi Tabora, unategemea sana wanafunzi wa sekondari na vyuo. Damu nzima iliyotolewa hukaa katika jokofu siku 35 tu. Hesabu mwenyewe, dada. Wanafunzi wakitoa damu mwishoni mwa Mei, ikifika mwanzoni mwa Julai mifuko ile imekwisha muda wake, na shule ndiyo kwanza zinafunguliwa. Katikati ya hapo akina mama wanaendelea kujifungua, wengine wakitokwa damu nyingi baada ya mtoto kutoka. Watoto wadogo wanaendelea kuletwa na malaria, viganja vyeupe kama karatasi, na malaria katika mkoa wetu si mgeni.

Anayeruhusiwa kutoa ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwenye afya njema na wingi wa damu wa kutosha, hupimwa kabla. Maana yake wengi wa kidato cha kwanza hadi cha nne hawawezi kutoa. Wana kazi nyingine, nayo ni kubwa: kuwaalika wazazi. Kikundi kinaweza kupanga na hospitali ya wilaya siku moja ya likizo, vijana wakapita misa na ibada za Jumapili kutangaza, wakapanga viti, wakachemsha chai. Tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, nayo inaangukia vizuri kabisa kwenye likizo yetu.

Wakipita nyumbani watakutana na maneno. Kwamba damu inauzwa. Kwamba ukitoa mara moja utalazimika kutoa maisha yako yote la sivyo damu itakuzidi mwilini. Hilo la pili si kweli hata kidogo, mwili hujitengenezea kadiri unavyohitaji. La kwanza, damu haina bei, mgonjwa hatakiwi kuinunua. Ukidaiwa fedha ya damu, uliza kwa mganga mkuu. Jambo moja zaidi wazazi walijue: kila damu hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Majibu ni ya mtoaji peke yake. Kijana wako wa kidato cha sita akirudi kimya, usimsachi mifuko kutafuta karatasi. Akitaka kusema atasema.

Tuje kwenye hofu. Hofu ya kwanza ni wasichana na wavulana. Nasema wazi: usimruhusu binti aende ikiwa hakuna mtu mzima unayemjua kwa sura na jina, mwalimu mlezi au mama wa kanisa, atakayekuwa nao muda wote. Waende nyumba za watu wawili wawili au zaidi, asiingie mtu peke yake kwa mgonjwa. Warudi kabla ya jua kuzama. Kama ni kambi ya kulala, wasichana walale na mlezi wa kike, na mama aende siku moja bila kutoa taarifa. Kiongozi mwema hatakasirika.

Hofu ya pili ni magonjwa. Vijana hawashiki damu wala matapishi, hawafungi vidonda bila glavu, hawaogeshi maiti. Mwaka 2023 Marburg ilitokea Kagera, na mwezi wa Januari 2025 ikatokea Biharamulo, ambayo si mbali na sisi. Penye tetesi ya ugonjwa wa namna hiyo, kazi zote za kutembelea wagonjwa zisimame, vijana wabaki na kampeni za kunawa mikono hadi wataalamu waseme. Mlezi anayesema Mungu atawalinda tu, huku hana glavu, mwambie Mungu alimpa pia akili.

Kuna na hofu ya kazi za nyumbani, nayo mimi naiheshimu. Familia inakula jasho la shamba. Lakini angalia ni mtoto yupi unayemnyima ruhusa. Mara nyingi kaka mtu anaruhusiwa kwenda kila Jumamosi, dada mtu anabaki na ndoo. Gawanya: siku tatu za shamba, siku mbili za kikundi, na siku zile mbili kaka achote maji. Hatavunjika mgongo.

Neno la posho nalo. Vijana wamezoea kuona mashirika yakilipa watu kwa kila semina, na wengine huuliza posho kabla hawajauliza kazi. Usimcheke, ndivyo walivyotuona sisi. Mweleze kwamba kikundi kitampa nauli na chakula, hakitampa mshahara, na aamue mwenyewe.

Michezo isidharauliwe. Wazee wa kanisa wakiona vijana wanacheza mpira wa pete au kuvuta kamba baada ya kufyeka kisima, wengine husema huduma imekuwa starehe. Kijana wa miaka 16 anarudi kesho kwa sababu ya marafiki aliowapata leo. Wasichana wacheze rede, kwaya iimbe, wafanye mdahalo, jioni wale pamoja. Vikundi vya akina mama, WAWATA na vingine, tunaweza kuchangia debe la mahindi, maharage na sukari ya chai. Wapike wavulana pia.

Katika Maandiko yupo yule kijakazi wa mke wa Naamani, mtoto wa kike aliyetekwa akapelekwa nchi ya ugeni. Jina lake hatukuandikiwa. Alijua mahali pa kupata msaada, akamwambia bibi yake. Nikiwaona wasichana wa Kibondo na Kasulu wakipita na madaftari yao kuuliza nani nyumbani hana choo, nani ana mgonjwa, humkumbuka huyo.

Likizo ikiisha, mwombe mlezi wa kikundi aje asome taarifa mbele ya wazazi: wamefika nyumba ngapi, visima vingapi, mifuko mingapi ya damu, fedha iliyochangwa imetumikaje hadi shilingi ya mwisho. Kama siku ya damu ilifanyika, andika tarehe ukutani jikoni. Mwanaume aliyetoa anaweza kurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Kwa waliotoa tarehe 14 Juni, akina baba zamu yao inaanza katikati ya Septemba, na sisi akina mama katikati ya Oktoba.