Mupira: Kwa aliyegongwa kichwa, kujua jina lake hakutoshi

Tarehe 13 mwezi wa 7 mwaka 2014, huko Rio de Janeiro, Christoph Kramer wa Ujerumani alimukaribia mwamuzi Nicola Rizzoli na kumuuliza kama ile mechi ilikuwa finali. Ilikuwa finali ya Kombe la Dunia. Bega la Ezequiel Garay wa Argentina lilikuwa limemugonga kichwani. Aliinuka, akakimbia, na alitolewa dakika ya 31 tu. Kisha alisema kwamba hakumbuki kipindi kile.

Ubongo uliotikisika hauzuii miguu. Ndiyo maana waganga hawatosheki na jina la muchezaji ao siku aliyozaliwa: mambo ya zamani hayapotei upesi. Wanatumia maulizo ya David Maddocks wa Australia: tuko kwenye uwanja gani? Nani alifunga goli la mwisho? Mechi iliyopita mulicheza na timu gani?

Siku zinazofuata, kipimo kinakuwa kirefu. Munganga anasoma maneno 10, mugonjwa anayarudilia. Kisha dakika 5 ao zaidi, baada ya kazi zingine, anaulizwa maneno yale yale bila kusomewa tena. Akisikia 4-9-3, anapaswa kusema 3-9-4. Anaombwa pia kutaja miezi kutoka Desemba mpaka Januari.

Kwetu mashariki ya Kongo, zoezi hilo la miezi lina shida. Mutu anayesema « mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi » anahesabu tu kwa kurudi nyuma, na hiyo ni nyepesi kuliko majina. Na ukimulazimisha kwa Kifaransa asichokizoea, anaweza kukosea hata kama kichwa chake ni kizima.

Huu si mutihani wa akili. Katika timu kubwa muchezaji anapimwa mbele ya musimu, ili alinganishwe na yeye mwenyewe. Wako wajanja wanaokosea makusudi siku ile, ili wakigongwa tofauti isionekane!

Hata aliyefaulu harudi uwanjani mara moja: anatembea, anakimbia polepole, anafanya mazoezi bila kugusana, kila hatua angalau saa 24. Maumivu yakirudi, anarudi hatua moja nyuma.

Motari aliyeanguka barabarani hana kipimo cha mbele ya musimu. Lakini watu wa nyumbani wanaweza kumuuliza alikula nini asubuhi, alimubeba nani wa mwisho. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kumuuma, ao akiwa muzito kuamuka, maulizo yaachwe: apelekwe hospitali upesi.