Pensheni Ndogo Isichukuliwe kwa Pupa

Mfanyakazi aachapo kazi, mara nyingi jambo la kwanza alitendalo ni kwenda katika ofisi ya mfuko wake wa pensheni kudai fedha zake. Hatumlaumu. Karo ya watoto haingoji, mwenye nyumba hangoji, na duka halimkopeshi asiye na mshahara. Lakini twaona ni wajibu wetu kumwonya kwamba katika jambo hili tarehe ni fedha. Na mwenye pensheni ndogo ndiye aumiaye zaidi, maana hana akiba nyingine ya kuziba pengo.

Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimtoza kodi hata mtu aliyestaafu. Katika malipo ya mkupuo alisamehewa Sh. 60,000 kwa kila mwaka wa utumishi, wala msamaha huo haukuweza kupita Sh. 600,000. Sheria hiyo ilibadilishwa. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, watu wa namna tatu hawakatwi kodi ya mapato kwa fedha watoazo katika mfuko ulioandikishwa: aliyefikia umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko wake, aliyestaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa, na aliyetimiza miaka 20 tangu kuandikishwa kuwa mwanachama. Asiyekuwa miongoni mwao hana fungu katika msamaha huo mpya, na kodi hukatwa kabla fedha hazijamfikia mkononi.

Tuchukue mfano wa mtu aliyeandikishwa katika mfuko mwezi wa Machi 2006. Akitoa fedha zake Februari 2026, hajatimiza miaka 20, naye ataingia katika kodi. Akizitoa Aprili 2026, hatakatwa hata senti. Kazi ni ile ile, jasho ni lile lile. Tofauti ni wiki chache tu za kusubiri.

Kwa hiyo kila mwenzetu na aijue tarehe yake. Nayo ni tarehe ya kuandikishwa katika mfuko, si ya kuajiriwa. Wako wengi walioanza wakiwa vibarua, wakaandikishwa baada ya miaka miwili au mitatu. Anayehesabu tangu siku aliyoshika jembe au nyundo aweza kujidanganya.

Liko na jambo la pili. Aachaye kazi kabla ya kufika miaka 50 aweza kuchukua michango yake mwenyewe, lakini katika michango ya mwajiri haruhusiwi kupita nusu. Iliyobaki hukaa mpaka wakati wa kustaafu. Basi achukuaye mapema hapati yote, na hicho apatacho chaweza kukatwa kodi.

Hatusemi kwamba kila mtu angoje. Mwenye mgonjwa kitandani, au aliyebakiwa na miaka kumi mbele yake, hawezi kushibishwa kwa shauri la subira. Lakini asiyebanwa na shida aweza kuziacha fedha zake mfukoni ziendelee kuzaa, au kuzihamishia katika mfuko mwingine ulioandikishwa pasipo kukatwa kodi. Akitaka kuhamisha, kwanza apate kwa maandishi tarehe ya uanachama itakayohesabiwa.

Kwa wasimamizi wa mifuko twasema hivi: mwanachama hukatwa mshahara wake kila mwezi bila kuulizwa, basi ana haki ya kuelezwa bila kuomba. Katika hati ya hesabu yake ya kila mwaka iandikwe, kwa Kiswahili chepesi, tarehe aliyoandikishwa na tarehe atakayotimiza miaka 20. Na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wasingoje mpaka mtu amekwisha kutia sahihi ndipo wamweleze.

Esau alirudi kutoka porini ana njaa, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Njaa yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikwisha jioni ile ile, hasara ilidumu. Mfanyakazi wetu, kabla hujatia sahihi, uliza tarehe.