Ahadi mbili mlangoni: Somo la msimu wa korosho kwa kaya zetu

Wakulima wa Kiegei, na wenzao wa vijiji vya Nachingwea, Ruangwa na Liwale, hawatausahau upesi msimu wa korosho wa mwaka 2018. Msimu uliotangulia taifa lilivuna zaidi ya tani 300,000, na katika minada kilo moja ilivuka shilingi 4,000. Matumaini yalikuwa makubwa. Mnada ulipofunguliwa Oktoba 2018, bei za wanunuzi zilikuwa zimeanguka, na wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Ukafuata uhakiki wa mashamba, ili kuwatenga wafanyabiashara wa kangomba na wakulima halisi. Wapo waliolipwa mapema. Wapo pia waliosubiri hata mwaka 2019 ukasonga mbele, mkononi wakiwa na stakabadhi tu.

Ndugu msomaji, tumeyarejea hayo kwa kuwa kila msimu una hofu yake. Mwaka 2017 ilikuwa mbaazi, bei yake ilipoporomoka baada ya India kuweka mipaka ya uagizaji. Mwaka mwingine ni mvua, au ubwiriunga unaokausha maua mtini. Swali linabaki lile lile: Muislamu ashike nini wakati mavuno yako ghalani, fedha haionekani na watoto wanamtazama?

Mtu anayebisha hodi usiku

Fikiria kaya moja katika mwezi wa Januari. Korosho imekwisha kupelekwa chama cha msingi. Mtoto mkubwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ada haidaiwi, lakini anahitaji sare, madaftari na nauli. Dukani deni limefika mahali ambapo mwenye duka sasa anajibu salamu kwa mkato. Usiku mtu anabisha hodi. Ana fedha taslimu. Anachotaka ni korosho ya msimu ujao, ambayo hata maua yake hayajachanua, kwa bei anayoitaja yeye na kipimo anachokijua yeye. Baba anamtazama mama. Hakuna asemaye neno.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 268, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatufunulia kinachopita katika nyoyo saa kama hiyo. Anatueleza kuwa Shetani humwahidi mja ufakiri na kumsukuma kwenye uovu, ilhali Allah humwahidi msamaha na fadhila zitokazo Kwake. Wajuzi wa Kiarabu wanajua kwamba kitenzi kilichotumika pande zote mbili ni kimoja: kuahidi. Maana yake, mlangoni pa nyumba ile zimesimama ahadi mbili. Moja inasema, "Usipoyachukua haya leo, wanao watalala njaa." Nyingine inasema kuwa riziki ina Mwenyewe, na hazina Yake haipungui.

Hofu hutufanya tuiamini ile ya kwanza kwa haraka, kwa sababu imekuja na noti mkononi. Lakini Surat Ibrahim, aya ya 22, inatuonesha mwisho wake: Siku ya Kiyama Shetani mwenyewe atakiri mbele ya wafuasi wake kwamba ahadi ya Allah ilikuwa ya kweli, na kwamba yeye aliwaahidi akawahalifu.

Tena dini haikutuacha bila mwongozo katika biashara yenyewe. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya uzima wake kudhihiri mtini, na akauliza kwa maana hii: Allah akiyazuia matunda hayo, ni kwa haki gani mmoja wenu atachukua mali ya nduguye? Mkopo kwa mpango uliokubaliwa wazi ni jambo lingine. Mti ambao haujachanua, unaonunuliwa kwa bei ya dhiki na kupimwa kwa kipimo cha hila, ni dhuluma, hata kama muuzaji ametia dole gumba kwa hiari.

Mama aliyeahidiwa na bado akaogopa

Wapo wanaodhani kuwa mwenye imani haogopi. Hao na wasome kisa cha mama yake Nabii Musa (A.S.) katika Surat Al-Qasas, kuanzia aya ya 7. Firauni alikuwa akiwachinja watoto wa kiume. Allah alimtia mama huyo ilhamu ya kumnyonyesha mwanawe, na akimhofia, amtie mtoni. Akampa na ahadi: atamrudisha kwake, na atamfanya miongoni mwa Mitume.

Ahadi hiyo ilitoka kwa Mola moja kwa moja. Hata hivyo, Qur'ani inaeleza kuwa moyo wa mama yule ulibaki mtupu, na alikaribia kuitoa siri yake, lau Allah asingeutia nguvu moyo wake. Hakulaumiwa kwa hofu hiyo. Hofu ni hali ya mwanadamu. Kinachoangaliwa ni nini mja anafanya nayo.

Naye alifanya mambo mawili. Alitii, akamweka mwanawe mtoni. Kisha akamtuma dada yake Musa afuate nyuma na kutazama kwa mbali. Ahadi haikumfanya akae kitako. Dada yule ndiye aliyewaelekeza watu wa Firauni kwa mnyonyeshaji, na kwa njia hiyo mtoto akarudi kifuani kwa mama yake. Aya ya 13 inataja sababu ya kurudishwa kwake: macho yake yatulie, asihuzunike, na ajue kuwa ahadi ya Allah ni haki.

Ahadi si bei ya mnada

Hapa yafaa tuwe wakweli. Allah hakutuahidi shilingi 3,300 kwa kilo, wala tarehe ya malipo. Katika Al-Baqara, aya ya 155, ametuambia wazi kwamba tutajaribiwa kwa hofu, njaa, upungufu wa mali, wa watu na wa matunda. Mkulima wa korosho hahitaji tafsiri ndefu ya neno hilo la mwisho. Alichotuahidi, katika Surat At-Talaq, aya ya 2 na ya 3, ni kuwa amchaye atamfungulia njia na kumruzuku kutoka asikotazamia. Anayengojea ahadi ije kwa umbo alilolipanga yeye huenda ikampita asiitambue.

Kutawakali, basi, ni kazi. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Ngamia wetu ni huyu: kupalilia na kupuliza salfa kwa wakati, kutunza stakabadhi, kuhudhuria mkutano wa chama cha msingi na kuuliza hesabu bila woga, na kumwendea mwenye duka kabla hajatuma mtu, kumweleza ukweli na kuandikiana deni kama Qur'ani ilivyoagiza.

Nyumbani, wazazi wasiwafiche watoto kila jambo. Mtoto anasikia minong'ono ya usiku, naye huijaza kwa hofu kubwa kuliko ukweli wenyewe. Aambiwe kwa upole: fedha bado, tunangoja, tunafanya hivi na hivi, na tumemwomba Mola wetu. Mtoto anayewaona wazazi wake wakisimama kuswali katika dhiki, na wakikataa fedha ya dhuluma, amepata somo ambalo halimo katika daftari.

Mkono unaoleta njia

Limebaki neno kwa aliyelipwa mapema. Mara nyingi ile njia kutoka asikotazamia mja hupita mkononi mwa jirani. Al-Baqara, aya ya 280, inaamuru mdaiwa mwenye shida angojwe mpaka apate wepesi, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Ukimkopesha jirani yako bila riba, au ukamnunulia mwanawe madaftari, mtu wa kangomba atakapobisha hodi usiku ule atakuta nyumba haina haja naye. Waumini wa msikiti mmoja wakiwa na mfuko mdogo wa kusaidiana, hata wa shilingi elfu moja moja kila Ijumaa, wamefunga mlango mkubwa wa Shetani.

Msimu utakuja tena, na minada itafunguliwa kwa bei isiyojulikana. Ahadi zote mbili zitabisha hodi. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe nyoyo zinazoijua sauti Yake, atubarikie mashamba yetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza ahadi kama Yeye anavyotimiza. Amin.